Mjadala: Je, tangazo lenye picha iliyotengenezwa na akili mnemba lilazimike kusema hivyo?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naleta swali ambalo wabunifu wa grafiki, watangazaji na watunga sheria wa nchi nyingi wanalibishania kwa sasa: je, tangazo ambalo picha yake imetengenezwa na akili mnemba lilazimike kumwambia mtazamaji hivyo, kwa maandishi yanayosomeka, juu ya tangazo lenyewe? Mimi ni mbunifu wa grafiki, sehemu kubwa ya kazi yangu ni matangazo, na programu hizo ninazitumia. Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa kila tangazo, wala si kwa sababu ambayo wenzangu wengi wa fani huitanguliza.

Sababu inayotangulizwa ni kwamba alama hiyo itailinda kazi ya mkono. Naelewa uchungu ulio nyuma ya hoja hiyo, lakini haisimami. Fani yetu imekua kwa kuikabidhi mashine kazi moja baada ya nyingine. Alois Senefelder alipogundua uchapaji wa jiwe mwaka 1796, alifungua njia ambayo karibu karne moja baadaye iliwawezesha wachoraji akina Jules Chéret na Henri de Toulouse-Lautrec kuzijaza kuta za Paris mabango ya rangi. Mwaka 1985, programu ya kupanga kurasa ya PageMaker na printa ya leza ya Apple zilipoingia sokoni, watu waliokuwa wakikata vipande vya maandishi kwa wembe na kuvibandika kimoja kimoja kwenye ubao walianza kukosa kazi, na mwaka 1990 ilikuwa zamu ya Photoshop kuwafikia waliokuwa wakirekebisha picha kwa brashi. Bango halikulazimishwa kuandikwa kwamba limepangwa kwa kompyuta, na ilikuwa sawa lisilazimishwe, kwa maana mtazamaji hatudai maelezo ya vifaa tunavyotumia.

Anachotudai ni tusimfanye aamini kwamba ameona jambo ambalo halikutokea. Picha ndani ya tangazo huweza kufanya kazi mbili zisizofanana. Ipo picha inayopamba: mawingu yenye rangi, maumbo yanayoelea, twiga anayepaa juu ya mji wa kufikirika. Hiyo hakuna anayeichukua kuwa ushahidi, na kuibandika onyo ni kumsumbua mtu bure. Ipo pia picha inayoshuhudia, ile inayosema bila maneno kwamba mtu huyu alitumia bidhaa hii akawa hivi, au kwamba chumba cha kupangisha kina dirisha la ukubwa huu na mwanga wa namna hii.

Chukueni mfano wa mafuta ya ngozi, ambao kila mbunifu wa matangazo anaufahamu. Mteja huleta maelezo ya kazi: mwanamke wa makamo, ngozi yenye afya, kushoto awe kabla ya kutumia na kulia awe baada ya wiki nne. Zamani, hata aliyetaka kudanganya alihitaji mwanamke halisi, mpiga picha, mpambaji, taa, na fomu ya ridhaa yenye sahihi. Leo naandika sentensi mbili na baada ya muda mfupi ninazo sura nne za kuchagua. Nikizikuza kwenye skrini naona ustadi wa kutisha: madoa yametawanyika shavuni bila mpangilio kama yanavyotawanyika kwa mtu wa kweli, vinyweleo vipo, hata ule mng'ao mdogo wa jasho juu ya mdomo upo. Kasoro nitaiona kwenye hereni iliyoungana na ndewe ya sikio, na hiyo naifuta kwa kubofya mara mbili tatu. Mwanamke huyo hajawahi kuzaliwa, na mafuta yale hayajawahi kumgusa mtu mwenye sura hiyo. Maandishi ya tangazo yanaweza kuwa hayana hata herufi moja ya uongo, kwa sababu uongo wote umebebwa na picha.

Sheria za kukabiliana na jambo la jirani zipo. Israel ilipitisha mwaka 2012 sheria inayotaka tangazo liseme pale mwili wa mwanamitindo ulipopunguzwa kwa kompyuta. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya kibiashara ambamo umbo la mwanamitindo limekondeshwa au kunenepeshwa ni lazima ielezwe kuwa imerekebishwa, na faini yake ni euro 37,500, ambayo inaweza kupanda hadi asilimia 30 ya gharama za tangazo. Norwei ilifuata Julai 2022, nayo ikaingiza mabadiliko ya ngozi. Sheria hizo zilitungwa kwa kumfikiria mtu halisi aliyerekebishwa, na itakuwa ajabu ikiwa aliyepunguza kiuno cha mtu halisi atalazimika kusema, halafu aliyebuni mtu kamili kutoka hewani akaruhusiwa kunyamaza. China imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Septemba 2025 inataka maudhui yaliyotengenezwa na akili mnemba yawe na alama, ya kuonekana na ya ndani ya faili. Mimi siombi alama iwekwe kila mahali namna hiyo. Naomba iwekwe pale picha inaposhuhudia, na wajibu wake awe nao anayelipia tangazo, kwa kuwa ndiye anayefaidika na ushahidi huo.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Heshima kwako, mleta mada. Nimefanya kazi katika wakala wa matangazo upande wa wateja, na naona umeichora mipaka kwa namna inayopendeza kusoma lakini isiyotekelezeka. Mwanamitindo halisi unayemtaja naye hakutumia mafuta yale kwa wiki nne. Alipakwa vipodozi kwa saa mbili, akawekewa taa, akalipwa, akaenda zake. Mwigizaji aliyevishwa koti jeupe ili aonekane daktari ni mtu halisi kabisa, na udanganyifu ni uleule. Tatizo ni madai ya uongo, na sheria zinazokataza tangazo kupotosha umma zimekuwapo kabla ya teknolojia hii.

Pili, alama hizo hazisomwi, na zikisomwa hazisaidii kama tunavyotumaini. Tafiti kadhaa zilizofanywa kuhusu maelezo ya "picha imerekebishwa" zimeonyesha kwamba mtazamaji huendelea kujilinganisha na mwili ule ule hata baada ya kuambiwa kuwa si wa kweli. Tatu, mfanyabiashara mdogo asiyeweza kumlipa mpiga picha na mwanamitindo sasa ana uwezo wa kushindana na kampuni kubwa. Ukimwekea maandishi ya kumtilia shaka kwenye tangazo lake, na kampuni kubwa ikaendelea kutumia watu halisi wasioipenda bidhaa yake, utakuwa umemwadhibu mnyonge kwa unyonge wake.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mchoraji wa vielelezo, na pingamizi langu linatoka upande wa pili. Ndugu mleta mada ameisamehe mashine upesi mno. Wembe na jiwe la Senefelder havikujengwa kwa kazi za watu wengine, lakini programu hizi zimejengwa hivyo. Mkusanyo wa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022 na ambao sehemu zake zilitumika kufundishia programu ya kutengeneza picha ya Stable Diffusion, una viungo vya picha takriban bilioni 5.85 zilizookotwa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake, na wachoraji waliochora nyingi kati ya hizo hawakuulizwa. Januari 2023 baadhi yao walifungua kesi huko California. Kwangu mimi alama inastahili kuwekwa hata kwenye yule twiga anayepaa, kwa sababu kuna watu ambao kazi yao imo ndani yake na majina yao hayamo.

Tena mbunifu ana wajibu kwa mteja wake ambao haukutajwa. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya Januari 2025 kwamba maelekezo anayoyaandika mtu kwa programu, hata yawe marefu kiasi gani, hayatoshi peke yake kumfanya awe mtunzi wa picha iliyotolewa na programu. Mteja anayelipia mchoro wa kuitambulisha biashara yake anadhani amenunua kitu anachoweza kumzuia mwingine asikitumie, na huenda huko Marekani hana uwezo huo kwa njia ya hakimiliki.

Mleta mada, akijibu

Nawashukuru nyote wawili, na nianze na mchangiaji wa kwanza kwa kuwa hoja yake ndiyo iliyonikalia zaidi.

Ni kweli kwamba koti jeupe hudanganya, na kwamba mwanamitindo wa zamani hakuwa shahidi mwaminifu. Hata hivyo kulikuwa na watu. Mwanamitindo alijua kwamba hakupaka mafuta yale, mpiga picha alijua kwamba picha ya "kabla" na ya "baada" zilipigwa siku moja, na mpambaji alijua ni poda kiasi gani iliyotumika. Kila mmoja wao angeweza kukataa, au akaja kusema baadaye iwapo mamlaka ingeuliza, na fomu yenye sahihi ilikuwa kwenye faili. Kinachoondoka sasa ni mlolongo huo wote wa watu. Tangazo linalalamikiwa, mchunguzi anakuja, na hakuna wa kuhojiwa isipokuwa mteja na mbunifu wake, yaani wale wawili ambao wana sababu ya kunyamaza. Sheria ya kupotosha umma hutegemea mtu aweze kuthibitisha kilichotokea, na hapa hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nasema haitoshi peke yake, na ndiyo maana sikubali kwamba mabadiliko haya ni sawa na yale ya 1985. Ken Garland, mbunifu wa grafiki wa Uingereza, na wenzake walipotoa tamko lao London mwaka 1964, walisikitika kwamba vipaji vya wabunifu vinamalizwa kwenye matangazo ya vitu visivyo na maana; hawakuwa na sababu ya kuuliza kama mtu aliye kwenye tangazo yupo duniani.

Kuhusu alama kutosomwa, nakubali matokeo ya tafiti hizo, na sitegemei alama imponye mtazamaji. Nguvu yake naiona mapema zaidi, pale mezani tunapopitia rasimu. Mteja akiambiwa kwamba chini ya sura ya "baada ya wiki nne" ni lazima yaandikwe maneno "mtu huyu hayupo, picha imetengenezwa na akili mnemba", na yasomeke bila kukodoa macho, atatafuta mtumiaji wa kweli au ataachana na wazo hilo kabisa. Jambo la namna hiyo lilionekana Ufaransa: siku ileile sheria ilipoanza kutumika, Getty Images, ghala la kuuza picha, ilianza kukataa kupokea picha za kibiashara ambazo maumbo ya wanamitindo wake yamekondeshwa au kunenepeshwa, na si kwa soko la Ufaransa pekee. Sheria iliyodai maandishi madogo ilibadilisha kinachoingia ghalani kabla mtazamaji hajaona chochote.

Na mfanyabiashara mdogo simwoni akiadhibiwa. Anaweza kupamba tangazo lake kwa akili mnemba apendavyo bila kuandika lolote. Bidhaa yake yenyewe ataipiga kwa simu, na mteja wake wa kweli, akiwa radhi, atapigwa kwa simu hiyohiyo. Anachozuiwa ni kubuni mashahidi, na hilo tungemzuia hata kama lingefanywa na kampuni tajiri.

Ndugu mchoraji, deni unalolisema ni la kweli na linaniuma, kwa maana nami nina kazi zilizowekwa hadharani kwa miaka mingi. Ninachopinga ni kulidai kupitia kwa mtazamaji. Maandishi kwenye kona ya bango hayamlipi mchoraji hata senti moja, na yanaweza kuwapa waliojenga programu hizo nafasi ya kusema kwamba wamekwisha kutimiza wajibu. Deni hilo lidaiwe kwao moja kwa moja, kwa ridhaa kabla ya kutumia na kwa malipo baada ya kutumia, na nitasimama nawe katika hilo. Upande wa mteja umenishinda bila mabishano: mbunifu amweleze mteja kwa maandishi, kabla ya malipo, ni sehemu ipi ya kazi imetolewa na programu na ipi imechorwa na mtu. Kwa nembo ningeshauri isitolewe na programu hata kidogo, kwa sababu nembo ambayo huenda isilindwe kwa hakimiliki haimfai aliyeinunua.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa lijadiliwe zaidi. Mwaka 2025 kampuni ya mavazi ya H&M ilitangaza kwamba itatengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo wake halisi, kwa ridhaa yao. Hapo mtu yupo, amekubali, na anaweza kuhojiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya hoja yangu kuhusu mashahidi inapungua uzito. Lakini vazi lililo juu ya nakala yake hakulivaa, na mnunuzi huitazama picha hiyo ili ajue kitambaa kinaangukaje begani na kinabana wapi. Mimi ningeweka alama hata hapo, na ningeiandika kuhusu vazi, si kuhusu mtu. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaouza nguo, na hasa kutoka kwa wanamitindo wenyewe, iwapo wanaona mpaka huo unapita mahali pake.