Nalipia kliki za safari blu, kamisheni hairudishi hata nusu. Nifanyeje?

Kijana_Muyeye

Assalamu alaikum jamani, na wengine habari zenu.

Niko Malindi, mtaa wa Muyeye. Mchana nashinda kwenye duka la simu la mjomba, jioni nafanya udalali wa mtandaoni. Nina tovuti ndogo ya Kitaliano kuhusu matembezi ya huku kwetu. Mtalii akipitia linki yangu akalipia safari kwenye soko kubwa la matembezi la mtandaoni, mimi napata asilimia 8. Kitaliano changu kisiwatie wasiwasi, nimekulia ufukweni nikiuza vinyago kila likizo ya shule.

Nimeweka matangazo Google, yale ambayo nalipa kila mara mtu anapobofya. Ninachouza ni safari blu: boti, pomboo, kuogelea juu ya matumbawe, kisha ule mchanga wa Mayungu ambao Wataliano wanauita Sardegna 2. Bei ni euro 40 kwa kichwa, na wengi hununua wawili wawili. Mpaka sasa nimetumia euro 120, kliki kama 340, oda 5, moja ikafutwa. Kamisheni iliyobaki ni euro 25.60. Nimelenga Italia nzima. Maneno niliyonunua ni malindi, watamu, kenya mare, escursioni malindi na safari blu watamu.

Mfumo unanishauri niongeze bajeti. Niongeze? Nibadilishe tangazo? Au kazi hii ni ya wenye mtaji tu?

Nahodha_Mayungu

Achana na mambo hayo kijana. Mimi boti yangu inajaa kwa picha za WhatsApp na Mtaliano mmoja kumwambia mwenzake. Sijawahi kumlipa mtu kwa sababu kuna mwingine kagusa simu.

BintiLangoni

Nahodha, wewe una boti na jina. Yeye hana vyote viwili, tusimfukuze.

Mdogo wangu, bajeti usiongeze hata senti. Fanya kwanza hesabu ambayo ukurasa wa matangazo haukufanyii. Chukua 25.60 ugawe kwa 340. Kila kliki imekuingizia senti 7 na nusu, nawe umeinunua kwa senti 35. Ukilipa mara mbili, hasara nayo ni mara mbili.

Watakuja watu hapa wakwambie safisha maneno. Ni kweli, safisha, na nitakueleza vipi. Ila tazama kwanza kusafisha kutakufikisha wapi. Tuseme kliki 190 ni takataka na 150 ni za watu waliotaka boti kweli. 25.60 kwa 150 ni senti 17. Bado hujafika hata nusu ya bei uliyonunulia. Asilimia 8 ya euro 80 ni euro 6.40, na hakuna ufundi wa tangazo utakaoibeba hiyo. Mimi kabla sijanunua neno lolote huandika kwenye daftari: kamisheni ya oda moja, mara idadi ya wanaonunua katika kliki mia, gawa kwa mia. Jibu lake ndilo dari. Kliki ikipita dari, neno hilo silinunui, hata liwe zuri namna gani.

Haya, kusafisha. Fungua ripoti inayoonyesha watu waliandika nini wenyewe kabla ya kuliona tangazo lako. Orodha uliyonunua iweke kando. Neno "malindi" peke yake, kwenye ulinganifu mpana, yaani Google inaonyesha tangazo hata kwa utafutaji unaokaribiana tu na neno lako, linaokota kila kinachoelea. Utakuta malindi meteo, mtu anaulizia mvua. Volo malindi, anatafuta ndege. Case in vendita malindi, mzee anatafuta nyumba ya kustaafia. Visto kenya, maana japokuwa visa iliondolewa Januari 2024 ikaja eTA, kibali cha kuomba mtandaoni, wao bado wanaandika visto. Tena kuna Malindi ya Unguja, ule mtaa wa Mji Mkongwe karibu na bandari, nao una mahoteli yake. Mimi natangaza nyumba za Shela ya Lamu, na sijaacha kuletewa watu wanaotaka Shella yenu ya Malindi. Kila neno la namna hiyo lipeleke kwenye maneno ya kuzuia. Meteo, volo, visto, vendita, webcam, lavoro, zanzibar, yote. Ubaki na safari blu watamu, safari blu malindi, escursione sardegna 2, na uyaweke kwenye ulinganifu wa kifungu au kamili, ili tangazo litoke kwa anayeandika maneno hayo au yenye maana hiyo hiyo tu.

Kisha kuna visanduku vya mipangilio ambavyo huja vimeshawekwa tiki. Kimoja kinapeleka tangazo lako la utafutaji kwenye tovuti nyingine na programu za simu. Mtoto anacheza mchezo wa kupasua puto, kidole kinateleza juu ya pomboo wako, wewe unalipa. Toa tiki. Kingine ni cha mahali: kinahesabu waliopo mahali ulipolenga pamoja na wanaoonyesha nia ya mahali hapo. Chagua waliopo tu.

Na hapo ndipo ningekubadilishia mambo yote. Kwa nini unalenga Italia nzima? Mtu aliyeko Bologna anaota tu, safari yake ni miezi mitatu mbele, atabofya leo na kununua kwa mwingine siku ya kusafiri. Mteja wako yuko Watamu sasa hivi, amelala kando ya bwawa la hoteli, ameshamuuliza kijana wa ufukweni bei na hakumwamini, anachukua simu aone bei halisi. Lenga Malindi na Watamu, maneno na tangazo kwa Kitaliano, waliopo tu. Kliki zitakuwa chache sana, usishtuke. Lakini huyo ananunua leo kwa safari ya kesho.

Mambo ya bei: akaunti yako haina mauzo ya kutosha kuufundisha mfumo, kwa hiyo usiuachie ukukisie thamani ya kliki. Weka bei mwenyewe, au uambie utafute kliki nyingi lakini uuwekee kikomo cha kila kliki. Na bajeti ya siku usiichukulie kama ukuta. Ukiandika euro 5, siku moja inaweza kula hadi 10. Wanachozingatia ni mwezi, usizidi mara 30.4 ya kiasi cha siku.

Msomi_wa_Mambrui

Dada kasema yote ya msingi. Mimi naongeza mawili.

Usidanganyike kupeleka tangazo moja kwa moja kwenye ukurasa wa lile soko ili ukwepe kutengeneza ukurasa wako. Google kwa kawaida haionyeshi matangazo mawili ya anwani moja ya tovuti kwenye sehemu moja ya ukurasa wa utafutaji, kwa hiyo utakuwa unashindana na mwenye soko mwenyewe, na yeye mfuko wake si wako. Na soma masharti ya kila mpango wa kamisheni kabla hujalipa. Mingi inakataza kununua jina la kampuni yao kama neno la utafutaji. Amazon wao hawataki kabisa dalali anunue matangazo ya utafutaji ya kupeleka watu kwao. Ukikamatwa hawakulipi, na kliki ushalipia.

La pili ni kujua neno gani limeuza. Kwenye linki yako ya kamisheni kuna nafasi ya kubandika alama yako mwishoni. Google nayo hubandika namba yake iitwayo gclid kwa kila kliki. Ihifadhi hiyo namba mtu anapofika kwako, ipitishe kwenye ile alama, na oda ikija utairudisha Google ijue kliki ipi ilizaa. Bila hivyo una oda 4 na maneno matano, na hujui nani baba yake nani.

Kijana_Muyeye

Nimefungua ripoti. Wallahi "malindi meteo" ndilo la pili kwa gharama.

Swali: kuna alama ya ubora ambayo Google inakipa kila neno nililonunua, yangu ni 3 kati ya 10 kwenye escursioni malindi. Naipandishaje? Kichwa cha tangazo ni "Kenya da sogno", yaani Kenya ya ndoto.

BintiLangoni

"Kenya da sogno" ni ya bango la uwanja wa ndege. Mtu kaandika safari blu watamu, mwandikie "Safari Blu da Watamu". Herufi 20, na nafasi unayo ya 30. Cha pili "Delfini e Sardegna 2". Una nafasi ya vichwa 15, tumia vya kutosha, kimoja kitaje bei. Bei humfukuza asiyeweza kabla hajabofya, na huyo ndiye usiyetaka kumlipia.

Alama ya ubora inaangalia mambo matatu: kama watu wanatarajiwa kubofya, kama tangazo linafanana na walichoandika, na ukurasa wanaoufikia ukoje. Ikipanda, unaweza kukaa juu ya mwenye dau kubwa kuliko lako kwa kulipa kidogo. Wengi hurekebisha mawili ya kwanza na la tatu wakaliacha, kumbe wewe hilo la tatu ndilo mali yako.

Nikwambie ningeweka nini. Ule mchanga wa Mayungu hauonekani kila saa. Maji yakijaa unakutana na bahari tupu, na Mtaliano aliyelipia Sardegna anarudi hotelini amenuna, anaandika maoni ya nyota moja. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, mchanga unajitandaza, watu wanatembea. Wakati wa maji mafu unapata kipande kidogo tu. Soko kubwa lenye ofisi Ulaya halina hayo. Wewe tengeneza jedwali la mwezi mzima: tarehe, saa ya maji kupwa, mchanga utakuwa mkubwa au mdogo, boti itoke saa ngapi. Kitaliano rahisi, herufi kubwa, lisomeke kwenye simu bila kuvuta kwa vidole. Chini yake sema ukweli wa kusi, kwamba Agosti bahari huchafuka na chini hakuonekani vizuri kama wakati wa kaskazi. Kiingilio cha hifadhi ya bahari kimo kwenye bei au hakimo, kisemwe. Na useme wazi kuwa unalipwa kamisheni.

Ukurasa wa hivyo Google hawawezi kuuita kipita-njia kisicho na kitu chake. Wanazikataa kurasa ambazo kazi yake ni kumsukuma mtu kwingine.

Sasa turudi kwenye pesa, maana jedwali peke yake haligeuzi asilimia 8. Una njia mbili. Uza kitu kizito zaidi kupitia soko hilo hilo: Tsavo Mashariki ya siku mbili, tuseme euro 320 kwa mtu, wawili 640, asilimia 8 ni 51.20. Hata akinunua mmoja katika mia, dari yako ni senti 51. Au bakia na boti, ila uondoke sokoni. Tafuta nahodha mwenye leseni na majaketi ya kuokolea, akupe asilimia 20. Kwa oda zako zile nne ni euro 64. Gawa kwa kliki 150 safi, karibu senti 43. Senti 35 zinaingia humo.

Nahodha_Mayungu

Asilimia 20 ya watu wawili? Mafuta anayalipa nani, bibi? Wawili naweza 15. Kundi la wanne ndiyo nakupa 20, maana boti inatembea hiyo hiyo.

BintiLangoni

Umeona, aliyesema achana na mambo hayo sasa anapanga bei.

Kijana, hesabu 15 ya wawili. Euro 12 kwa oda, mara nne 48, kwa kliki 150 ni senti 32. Hapo uko chini ya 35, umekosa kidogo tu, ila ukiwa unalenga waliopo Watamu sitashangaa wanunuzi wakiongezeka. Wanne je? 160, asilimia 20, euro 32 kwa oda moja. Basi tangazo liandikie familia na marafiki, bei iwe ya kundi, na wawili wawili uwapeleke sokoni kwa asilimia 8 yako ya zamani. Nahodha naye akuandikie makubaliano, hata ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, nani anapokea pesa na bahari ikikataa nani anarudisha.

Nahodha_Mayungu

Naandika. Lakini nataka amana, nusu siku moja kabla. Wataliano hubadilisha nia wakinywa kahawa. Na hilo jedwali la maji nitakusahihishia mwenyewe, vitabu vya maji vinasoma bandari ya Kilindini, huku kwetu kuna tofauti kidogo.

Kijana_Muyeye

Nahodha, nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Dada Langoni, Mungu akuzidishie. La mwisho: akaunti yangu ya matangazo iko kwa euro, nahodha atanilipa shilingi kwa M-Pesa. Nibadilishe?

BintiLangoni

Sarafu ya akaunti ukishaichagua haibadiliki, labda ufungue nyingine upya na kupoteza historia. Iache ilivyo. Kila oda ikiingia andika kando yake kiwango cha siku hiyo, ili dari yako uijue kwa shilingi na kwa euro. Na akiba ya kuendesha matangazo iwe ya mwezi mmoja na zaidi: nahodha atakulipa siku ileile, lakini soko linalipa baada ya mteja kusafiri, na kliki zinadaiwa kabla ya hapo. Mei na Juni hoteli nyingi za kwenu zimefungwa, zima matangazo usubiri Julai.