Mbwa wa kilo 40 anayelinda sahani: nianzie wapi?

Mkaazi wa Kasarani: Habari wadau. Jumamosi napokea mbwa aliyeokolewa, nimlee hadi apate mwenyewe wa kudumu. Ananguruma mtu akikaribia chakula chake, na nyumbani kuna watoto wawili.

Jibu: Siku za kwanza mwache atulie, wageni wasije. Ale peke yake, mlango umefungwa. Akishazoea, simama hatua tatu kutoka kwenye sahani, mrushie kipande cha nyama, ondoka. Mwili ukikakamaa, umekaribia mno, rudi nyuma. Na tafadhali, usimwadhibu kwa kunguruma! Hofu inabaki, onyo linatoweka, kisha anauma ghafla. Zoezi hili si la watoto kabisa.

Jibu: Usisahau geti. Bodaboda akileta mzigo, mbwa awe ndani. Matembezini tumia kamba mbili, moja kwenye kola, nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akiuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Jibu: Andika kila tukio: saa, umbali, kilichomchokoza. Anayetaka kumchukua asome yote kabla ya kukubali.