Ukungu wa Mau Summit usiku: niache njano, niipoze, au nyeusi na nyeupe?

MachoYaMenengai (Nakuru)
Jamani, nisaidieni kabla sijafuta kila kitu. Ijumaa usiku nilisimama Mau Summit, pale njia ya Kericho na Kisumu inapoachana na ya Eldoret. Ukungu ulikuwa mzito hadi lori unaliona taa kwanza, kichwa baadaye. Stendi niliisahau nyumbani, kwa hiyo kamera niliilaza juu ya gunia la viazi: ISO 1600, f/2.8, robo sekunde. Katika faili ninayoipenda kuna mama anachoma mahindi chini ya taa ya sodiamu, ile ya njano ya barabarani. Makaa yanammulika kidevu, na nyuma yake limeegeshwa lori lenye taa nyeupe za LED.

Nimetoa matoleo matatu kwa Lightroom, programu ya kuhariri picha. A nimeiacha njano kama ilivyotoka kwenye kamera, inafanana na soda ya machungwa. B nimeipoza hadi ukungu ukawa kijivu, lakini mama amekuwa kama amepakwa jivu, taa za lori zimekuwa buluu ya sabuni, na vivuli vimejaa chenga, vile vidoavidoa vya picha za usiku. C ni nyeusi na nyeupe: safi, ila makaa yamekufa. Mngechukua ipi?

UpepoWaDunga (Kisumu)
B unaidai rangi ambayo haikuwepo. Taa ya sodiamu karibu haina buluu kabisa, kwa hiyo ukiilazimisha iwe nyeupe, programu inauzidisha mkondo wa buluu maradufu (picha ina mikondo mitatu: nyekundu, kijani na buluu), na chenga zake zinapanda nao. Hizo ndizo unazoziona kwenye vivuli.

Tena Lightroom inakomea kelvini 2000 kwa chini (ni kipimo cha rangi ya mwanga; ukishusha namba, picha inapoa), na taa nyingi za aina hiyo ziko papo hapo, 2000 na ushei. Ndiyo maana unaburuta slaida hadi ukutani na bado unaona haitoshi. RawTherapee, ambayo ni ya bure, inashuka hadi 1500. Lakini kushuka kote huko kwa nini? Mimi ningeweka 2800. Njano inabaki, ila inakuwa njano ya taa, si ya soda.

Halafu angalia mkondo mwekundu peke yake karibu na hiyo taa, usije ukawa umeungua, yaani mwanga umezidi hadi picha imepotea hapo. Histogramu, ile grafu ya mwanga nyuma ya kamera, inatokana na JPEG (picha iliyokwisha kubanwa), inaweza kukuambia umeunguza kumbe RAW (faili ghafi ya kamera) bado ina nafasi, na pia inaweza kukuficha jambo.

ChaiMbili (Kericho)
Nakubaliana na 2800, lakini hapo lori litabaki buluu, maana LED za gari ziko mbali sana na sodiamu. Una taa mbili, usitafute namba moja ya kuziridhisha zote. Kwa Lightroom chora maski (eneo la kuhaririwa peke yake) juu ya lori na mwanga wake, kisha upashe moto kidogo ndani ya maski tu. Kwa darktable, programu nyingine ya kuhariri, unafungua zana ya kusawazisha rangi mara mbili, moja ya picha nzima na nyingine yenye maski ya lori. Kwangu darktable inashinda hapo, na hulipi kila mwezi. Ubaya wake: wiki mbili za kwanza utaichukia, na laptopu yangu ya zamani inahema kama matatu inayopanda Timboroa.

Na usiguse slaida ya kuondoa ukungu kwa picha nzima! Zana hizo nyingi zimetungwa kwa ukungu wa mchana, ambapo mwanga wa anga umetapakaa sawasawa. Usiku ukungu unawaka penye taa na kufifia kando, kwa hiyo zana inachanganyikiwa na kukuchorea pete chafu kuizunguka taa. Shusha slaida ya nyeusi kidogo tu, ya vivuli iache.

KakaWaKakamega
Kuna kitu hakijaniridhisha. Mama alikuwa umbali gani?

MachoYaMenengai (Nakuru)
Mita mbili, labda mbili na nusu.

KakaWaKakamega
Basi huo weupe usoni mwake si ukungu. Kwa mita mbili ukungu haufichi mtu, unaficha lori lililo nyuma yake. Ukiona mama na lori vimepauka kiasi kilekile, lenzi yako ilikuwa na umande. Linganisha faili ya kwanza na ya mwisho, gunia lenyewe litakuambia.

MachoYaMenengai (Nakuru)
Aisee. Faili ya kwanza nyuzi za gunia zinahesabika. Ya tisa gunia ni kama limepakwa mafuta. Na hii ninayoipenda ni ya nane.

KakaWaKakamega
Haijapotea. Hapo ndipo slaida ya ukungu inapofaa, ndani ya maski ya mama peke yake, kidogo. Safari nyingine beba kitambaa mfukoni, upanguse kila baada ya picha mbili tatu.

UpepoWaDunga (Kisumu)
C nayo usiitupe. Ukitengeneza nyeusi na nyeupe, chota mkondo mwekundu na wa kijani, wa buluu ukaribie sifuri. Chenga karibu zote zinaondoka nao, na makaa yatang'aa kwa sababu mkondo mwekundu ndio unaoyabeba. C yako imekufa kwa kuwa programu ilichanganya yote mitatu.

MachoYaMenengai (Nakuru)
Nimerudi. 2800, maski ya lori, maski ya mama. Kidevu kimerudi kuwa cha mtu. C nayo imefufuka, lakini nabaki na rangi, siwezi kuyaacha hayo makaa. Swali la mwisho: nikiitoa JPEG ukungu unakatika vipande vipande kama ngazi.

ChaiMbili (Kericho)
RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila mkondo, JPEG ina 256. Mteremko laini wa ukungu ndio unaoumia kwanza. Punguza nguvu ya kuondoa chenga, au nyunyiza chembe (slaida ya Grain) kidogo kabla ya kutoa, zitavunja hizo ngazi. Ya kuchapisha itoe TIFF ya biti 16, aina ya faili yenye ngazi nyingi zaidi.

MachoYaMenengai (Nakuru)
Nimenyunyiza, zimeondoka. Jumamosi nampelekea mama nakala yake, na safari hii stendi iko kwa buti tayari.