Mjadala: Kota za Alfred Krupp zilikuwa hisani au kamba ya kuwafungia wafanyakazi?

Wanajamvi, kila tukijadili kama mwajiri awajengee wafanyakazi nyumba, lazima atokee wa kumtaja Alfred Krupp, tajiri wa kiwanda cha chuma wa karne ya 19 huko Essen, Ujerumani. Hoja ni ileile: alitoa nyumba, matibabu na pensheni kabla ya serikali, kwa hiyo tajiri akiachiwa nafasi huwatunza watu wake mwenyewe. Mimi napinga, ingawa sitaki kumpunja sifa zake.

Jasho lake lilikuwa la kweli. Baba yake, Friedrich, alianzisha kiwanda cha chuma cha pua mwaka 1811, akafariki 1826 akiacha madeni. Alfred alikuwa na miaka 14. Aliacha shule akaingia kiwandani, penye mafundi wachache mno. Mwaka 1851 alipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London pande moja la chuma cha pua lenye uzito wa karibu tani mbili, watu wakaduwaa. Na wengi hudhani alitajirikia mizinga tu. Kabla ya mizinga kushika kasi kulikuwa na ringi ya gurudumu la treni. Za wakati ule ziliungwa kwa kuchomelewa, na penye kiungio ndipo zilipokatikia. Yake haikuwa na kiungio kabisa, na reli zilikuwa zinatandazwa kila upande Ulaya na Marekani. Duara tatu kwenye nembo ya Krupp ni ringi hizo, si midomo ya mizinga. Alipofariki mwaka 1887 alikuwa na wafanyakazi wapatao 20,000.

Sasa kota. Mfuko wa wagonjwa ulikuwepo tangu 1836, wakati sheria ya bima ya afya ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ilikuja 1883. Hapo nampa haki yake. Lakini nyumba zilianza kujengwa miaka ya 1860 kwa sababu Essen ilikuwa imefurika watu, na fundi asiye na pa kulala hakai. Likafuata duka la kampuni. Mtu akalala kwa Krupp, akanunua unga kwa Krupp, akazeeka akiingoja pensheni ya Krupp. Akiacha kazi, nyumba inaondoka, na pensheni aliyoichangia kutoka mshahara wake inabaki nyuma.

Mwaka 1872 zikatoka kanuni za kampuni zenye vifungu 72. Mwaka 1877 Krupp akawaandikia wafanyakazi kwamba siasa za nchi si shughuli yao, wakimaliza kazi watulie na familia zao. Waliotuhumiwa kuwa wasoshalisti walifukuzwa. Utabishana vipi na mtu aliyeshika ufunguo wa chumba wanacholala wanao?

Hili silisomi vitabuni tu. Marehemu baba alifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge, na sisi tulikulia kota. Alipopunguzwa kazi tulipewa siku saba. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na mahindi, yamebakiza wiki mbili hivi yaanze kuchomwa. Hatukuyala.

Mdau mmoja alinijibu majuzi kwamba bila Krupp wale watu wangelala kitanda kimoja kwa zamu. Ni kweli, miji ya viwanda ya Ruhr, eneo ilipo Essen, ilikuwa na watu waliokodi kitanda kwa saa, mmoja akiamka kwenda kazini mwingine analala. Kwa hiyo sisemi nyumba zisijengwe. Zijengwe, tena nzuri, ila mkataba wa nyumba usiwe mkia wa mkataba wa kazi, na mchango wa uzeeni umfuate aliyeuchanga popote aendako. Krupp angeweza kufanya vyote viwili. Fedha alikuwa nazo, maana miaka ileile alikuwa akijijengea Villa Hügel, jumba la vyumba zaidi ya 200.

Mnaomtetea, nijibuni hapo kwenye ufunguo. Na mnaokaa kota leo, tazameni mikataba yenu mtuambie: kazi ikiisha, mna siku ngapi za kuhama?