Mlio wa masikioni: ukiambiwa "uzoee tu", kuzoea kwenyewe kunafanywaje?

Sikio_La_Kufa

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaolifahamu hili.

Mlio wa "nyiiiiii" masikio yote mawili, huu mwezi wa tano, haufuati mapigo ya moyo. Kazi ni karakana ya kuchomelea, grinda kutwa. Nta imesafishwa, ngoma za masikio nzima, hakuna dawa yoyote ninayotumia. Kipimo cha kusikia: sauti nzito na za kati ziko sawa, ila kwenye Hz 4000 kushoto ni desibeli 45, kulia 40. Nimeambiwa hakuna cha kupasua wala cha kunywa, "uzoee tu".

Maswali mawili. Mchana siusikii kabisa, lakini ikifika saa nne usiku umejaa chumba kizima: sauti inaongezeka kweli au ni mimi? Na huko kuzoea kunafanywaje, hatua kwa hatua? Maana nikijikaza nisiusikilize ndiyo kwanza unapanda.

Desibeli_85

Pole mkuu. Vipimo umevileta vimekamilika, wengi huishia "masikio yanapiga kelele" basi.

Hilo bonde la Hz 4000, yaani kusikia kushuka hapo wakati sauti nzito na za kati ziko sawa, ni alama ya kelele za kazini. Ndani ya koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti, kuna seli zenye vinywele, na za eneo hilo ndizo huumia mapema kelele zikizidi. Ubongo ukikosa taarifa kutoka pale hujipandishia nguvu ya kupokea, na unachosikia ni shughuli yake wenyewe. Ndiyo maana mlio wako ni mwembamba, si mvumo mzito.

Usiku sauti haiongezeki, zinazoshuka ni kelele za pembeni. Tukimpigia mtu sauti kwenye hedifoni achague inayolingana na mlio wake, wengi huchagua iliyozidi kwa desibeli 5 hadi 10 tu kile kiwango cha chini kabisa anachoweza kusikia. Ni sauti ndogo mno. Na asiyelala kwa ajili ya mlio anaweza kutoka na kipimo kilekile cha mtu ambaye haumsumbui hata kidogo. Kero haipimwi kwa desibeli.

Mwaka 1953 Heller na Bergman, Marekani, waliwaingiza watu wazima 80 wenye masikio mazima, wasio na malalamiko yoyote ya mlio, kwenye chumba kisichopenya sauti. Asilimia 94 walisema wanasikia kitu: mvumo, mlio, chirichiri. Kwa hiyo kusikia kelele za ndani si ajabu. Kinachogeuza maisha ni ubongo kuipa sauti hiyo cheo cha hatari, kwa sababu kitu chenye cheo hicho huchunguliwa kila dakika, na kila kinapochunguliwa kinasikika.

Kwa wasomaji wengine, haya si ya "kuzoea": mlio unaodunda sawa na mapigo ya moyo, mlio wa sikio moja tu huku sikio hilo linasikia vibaya kuliko jingine (huenda kipimo cha picha cha MRI kikahitajika kukagua mshipa wa fahamu wa kusikia), usaha, kizunguzungu cha kuona dunia inazunguka, uso kulegea upande mmoja. Na kusikia kukipotea ghafla ndani ya siku tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Dawa za steroidi zinategemea kuwahi, na wiki zikipita nafasi inapungua. Angalieni pia dawa: kwinini, aspirini ya dozi kubwa, jentamaisini, streptomaisini, amikasini. Mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa mwenyewe, amwambie daktari wake mapema abadilishiwe.

Bi_Tulia

Nikuongezee kwenye lile la pili, ndugu yangu.

Kujikaza usisikilize hakufui dafu kwa sababu moja: ili uhakikishe husikilizi, lazima uchungulie. Ukichungulia umesikia. Kwa hiyo hatuanzi na mlio, tunaanza na tabia zinazouita. Acha kuziba masikio kwa vidole kuona kama bado upo. Acha kwenda bafuni kimyakimya "kuupima". Acha daftari la "leo saba juu ya kumi". Linaonekana la kitaalamu lakini kila asubuhi linakulazimisha uusikilize ili ulijaze. Na ndiyo, kusoma nyuzi za mlio wa masikio usiku wa manane ni uchunguliaji uleule, pamoja na uzi huu.

Kama unataka kujua unaendeleaje, lipo dodoso la maswali 25 linaloitwa THI. "Ndiyo" ni alama 4, "wakati mwingine" 2, "hapana" 0. Jumla hadi 16 ni kero ndogo sana, 18 hadi 36 ndogo, 38 hadi 56 ya wastani, 58 hadi 76 kubwa, kuanzia 78 nzito mno. Linauliza maisha (usingizi, kazi, hasira), halikutaki uupime ukubwa wa sauti. Lijaze mara moja kwa mwezi, si zaidi.

Halafu zoezi. Limetoka kwa Adrian Wells wa Uingereza, 1990, alilitengenezea watu wa wasiwasi, nasi tunaliazima. Dakika 12, mara moja kwa siku, ukiwa umekaa, macho wazi yametulia sehemu moja ukutani. Tafuta sauti sita hivi: tatu za chumbani (feni, saa ya ukutani, redio chini), tatu za nje (bodaboda, kuku, watoto).

Dakika 5 za kwanza, ishike sauti moja tu kwa nusu dakika au zaidi kisha nenda nyingine. Dakika 5 zinazofuata, ruka haraka, sekunde tano feni, sekunde tano kuku, sekunde tano redio. Dakika 2 za mwisho, zisikie zote kwa pamoja, panua masikio. Mlio ukijitokeza, usiufukuze na usiufuate. Nao ni sauti ya saba, upo, rudi ulipokuwa.

Watu wanakosea hapa: wanalifanya zoezi saa nane usiku wakiwa wamepaniki, wakitaka liwafukuzie mlio. Likigeuka kuwa panga la kumfukuzia adui, adui anabaki adui. Lifanye mchana ukiwa shwari. Kinachofunzwa ni kuhamisha masikio kwa hiari yako. Kutulia kunakuja baadaye na wala usikudai.

Feni_Mbovu

Mnazunguka sana. Weka mvua ya YouTube kwenye hedifoni, sauti juu mpaka mlio ufunikwe wote, lala. Kwisha habari.

Desibeli_85

@Feni_Mbovu hapana mkuu, hiyo ina matundu matatu.

Kwanza, ukiufunika wote ubongo haupati nafasi ya kuuzoea. Kitu usichokisikia hukizoei. Ukizima asubuhi umekutana nao upya. Mbinu ya Jastreboff, mtafiti wa mlio wa masikioni, inaweka sauti mahali pa kuchanganyika: pandisha taratibu mpaka ianze kuingiliana na mlio, kisha shusha kidogo, mlio ubaki unasikika kwa mbali. Kipimo cha nyumbani ni kwamba mtu akiongea nawe kwa sauti ya chini umsikie bila kumwambia arudie.

Pili, hedifoni kitandani usiku kucha kwa mtu ambaye koklea zake zimeshaumia ni kuongeza deni. Tumia spika ndogo mezani, mita moja hivi kutoka kichwani.

Tatu, mvua yenyewe. Rekodi fupi inayojirudia ina kiungo, na ubongo unakidaka, ukaanza kukingojea. Tafuta faili lenye urefu wa saa nane lisilo na radi, ndege wala muziki, kwa sababu chochote kinachotokea ghafla kinavuta masikio. Lipakue kabisa, tangazo likikatiza saa tisa usiku kazi yote imeharibika. Pangaboi nalo ni zuri, ila umeme ukikatika ule ukimya wa ghafla ndio unaokuamsha, kwa hiyo simu iwe na chaji na faili lianze pamoja na feni, si baada yake.

Niseme ukweli pia: sauti peke yake haina ushahidi mzito. Chenye ushahidi bora ni tiba ya mazungumzo inayobadilisha fikra na tabia. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2020 yalikuta inapunguza kero. Kushusha sauti ya mlio yenyewe si lengo lake. Majani ya ginkgo na matone ya mitandaoni, weka hela yako mfukoni.

Feni_Mbovu

Sawa, la tangazo limenigusa.

Sikio_La_Kufa

Nashukuru sana wakuu. Bi Tulia, muda gani kabla ya kuona mabadiliko? Na Desibeli, si bora basi nivae vizibo vya masikio muda wote, karakanani na nyumbani, masikio yapumzike?

Bi_Tulia

Wiki za mwanzo mara nyingi mlio unasikika zaidi, kwa kuwa umeacha kuukimbia. Wengi huacha zoezi hapo. Hesabu miezi, kwa kawaida sita hadi kumi na minane. Na haushuki kwa mstari: wiki ya homa, ya kukosa usingizi au ya madeni utarudi juu, halafu utashuka tena. Dalili ya kwanza si kimya. Ni kushtukia jioni kwamba tangu saa tano asubuhi hukuukumbuka.

Desibeli_85

Nyumbani usivae kabisa. Sikio likinyimwa sauti, ubongo unapandisha nguvu ya kupokea zaidi, na mlio unapanda nao. Ukimya mtupu pia uepuke kwa sababu hiyohiyo.

Karakanani ni lazima. Desibeli 85 unaruhusiwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 100 dakika 15. Grinda kwenye chuma huifikia hiyo 100 kirahisi. Kizibo cha sponji kinavaliwa hivi: vidole visafi, kiviringishe kiwe chembamba bila mikunjo, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kikibaki kimechomoza nje nusu nzima hakijazuia kitu, kitoe uanze upya. Kivae kabla grinda haijawashwa, na usikivue katikati ya kazi eti usikie simu; hesabu ya zile dakika 15 haikusamehi. Ukitoka getini, vua.