Feri ya abiria itapunguza jam ya Daraja la Nyali? Naombeni ushauri kabla sijaandika maoni ya mtaa

Baba_Swafiya:
Salaam wakuu. Naombeni mawazo, hasa nyinyi mnaoijua bahari na nyinyi mnaovuka daraja kila siku.

Mimi ni mkaazi wa Mishomoroni, Mombasa upande wa bara, kazi iko kisiwani upande wa Treasury Square. Asubuhi matatu ikitoka Kisauni inakwenda vizuri mpaka ikikaribia Kongowea, hapo dereva anazima moto. Makanga anashuka kunyoosha miguu. Wenye haraka wanateremka na kulipiga daraja kwa mguu, na mara nyingi wanafika Buxton mwanzo kabla yetu sisi tuliolipa nauli. Jioni ni yaleyale kinyumenyume.

Sasa kamati ya mtaa imenipa kazi ya kuandika maoni ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Wengi wanataka tuombe feri ya abiria, itoke Mishomoroni au English Point, itue Tudor au Bandari ya Kale. Hoja yao ni kwamba maji yametuzunguka pande zote, kwa nini watu wa North Coast wote tukabwe kwenye daraja moja la mwaka 1980? Mimi moyo wangu haujatulia. Tuombe feri, au tuna jambo jingine la kuomba kwanza?

Makanga_Mstaafu:
Daraja halina kosa, lina leni sita. Kosa liko kwenye ncha zake. Kongowea pale soko limemwagika barabarani, lori la vitunguu linashusha, mkokoteni unakata njia, na sisi wa matatu tunapakia katikati ya lami kwa sababu stegi imejaa. Ukifika Buxton ni hivyohivyo, kila gari linataka kushusha mdomoni mwa daraja. Leni sita, inayotembea moja. Hata ukileta feri kumi, yale magari yatabaki palepale.

Nahodha_wa_Hori:
Ndugu Baba Swafiya, anza na maji kabla ya boti. Hori ya Tudor, mkono wa bahari kati yenu na kisiwa, si bwawa. Wakati wa bamvua (maji makubwa) maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Upande wenu wa Mishomoroni na Junda ni mikoko na tope. Maji yakijaa utaona pazuri, utasema hapa feri itatua. Rudi maji yakipwa: ngalawa zimelala ubavu, na kutoka ukingoni hadi penye kina unatembea kwenye tope, viatu vya ofisi umevishika mkononi. Saa za maji nazo zinasogea kila siku, hazijui kwamba wewe unaingia kazini saa mbili. Kwa hiyo mtataka gati linaloelea, lenye daraja dogo la bawaba linalopanda na kushuka na maji, na pengine kuchimba mlango. Hapo ndipo pesa zinapokwenda, boti yenyewe ni sehemu ndogo.

English Point hadi Bandari ya Kale ni hadithi nyingine. Kina kipo, majahazi yameingia hapo karne na karne, na kuvuka ni dakika chache tu. Kusi likivuma mawimbi yanaingia kidogo kutoka mlangoni, lakini chombo cha maana kinayamudu. Ila nani wa Kisauni anakaa English Point? Atapanda matatu hadi Kongowea, ashike tuktuk hadi gatini, avuke, kisha atembee. Akifika amechoka kuliko aliyebaki ndani ya jam.

Hesabu_Tu:
Mimi nauliza idadi. Tuseme boti ya watu 150, na kupakia, kuvuka, kushusha na kurudi ni nusu saa. Hiyo ni watu 300 kwa saa kwa upande mmoja. Mkipata boti tatu, 900. Gawanya kwa matatu ya abiria 14 unapata kama matatu 64. Yaani mmeondoa matatu moja hivi kila dakika, siku boti zote tatu ni nzima na zimejaa. Si haba, lakini nafasi hiyo itazibwa na watu ambao leo wanaacha gari nyumbani wakiogopa jam. Feri itamsaidia anayepanda feri. Daraja lenyewe sidhani kama litahisi.

Mkigamboni:
Wakuu, salamu kutoka Dar. Sisi wa Kigamboni, ng'ambo ya mji, tulikwenda kinyume chenu: kivuko kilikuwepo, daraja likaja 2016 (Daraja la Nyerere, mita 680), na watu wa miguu bado wanajazana kivukoni. Sababu ni moja, kivuko kinakushusha Magogoni, hatua chache uko Posta. Daraja linakutupa Kurasini, unaanza safari nyingine. Kwa hiyo mkuu, angalieni pale mtu anaposhukia.

Na tulijaribu pia boti ya kukwepa foleni, MV Dar es Salaam, ya kwenda Bagamoyo. Ilinunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 8, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akaandika kwamba haikufikia kasi ya kwenye mkataba. Foleni ya barabara ya Bagamoyo haikupata habari kwamba kuna boti. Someni mkataba kabla ya kupiga picha na utepe 😅

Dada_wa_Oakland:
Kaka, huku San Francisco walikuwa na swali lenu hilihili. Golden Gate Bridge ilizidiwa, 1970 wasimamizi wa daraja wakaanzisha feri ya Sausalito, na 1972 wakaongeza mabasi. Angalia vizuri: sehemu ya pesa inatoka kwenye ushuru wa daraja lenyewe, maanake nauli peke yake haiendeshi boti. Nyinyi Nyali hamlipi ushuru, kwa hiyo kwenye maoni yenu semeni nani atalipa mafuta mwaka wa tatu, utepe ukishasahaulika.

Lakini usiitupe feri kabisa. Oktoba 1989 tetemeko liliangusha kipande cha Bay Bridge, daraja likafungwa mwezi mzima, na boti ndizo zilizovusha watu. Nyinyi lori likipinduka katikati ya Nyali mnapita wapi? Mzunguko wa Mazeras, Kaloleni hadi Mavueni? Hoja ya akiba ina nguvu kuliko hoja ya jam.

Nahodha_wa_Hori:
Hilo la Dada nalikubali. Kuwe na gati mbili zilizo tayari, hata kama boti ni chache.

Bi_Mtongwe:
Wanangu, mnahesabu boti na dakika. Mimi nahesabu watu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ukingo, watu 272 wakafa. Ilikuwa imezidi uwezo wake, asubuhi, wafanyakazi wanakimbilia kisiwani kama nyinyi mnavyotaka kukimbilia. Kama mnaomba feri, ombeni mlango unaohesabu vichwa na unaofungwa nambari ikitimia, hata mkubwa gani aje. Na maboya yawe mahali mkono unafika, yasifungiwe kabatini.

Baba_Swafiya:
Shukran sana, Mama, na nyote. Swali dogo: Likoni mtembea kwa miguu halipi. Tuombe na sisi bure?

Hesabu_Tu:
Likoni feri ndiyo barabara, ndiyo maana. Kwenu daraja lipo, watawaambia lipieni. Pigeni hesabu ya nauli yote ya mlango kwa mlango, matatu, tuktuk na boti. Ikizidi ya sasa, itabeba watalii tu.

Makanga_Mstaafu:
Na usipeleke kwa kaunti peke yake. Daraja liko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na vyombo vya majini vinakaguliwa na KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini. Soko la Kongowea na stegi ndizo za kaunti, kwa hiyo hapo ndipo waweza kumshika mtu shati. Ukurasa wa kwanza: stegi itolewe nje ya lami, lori zishushe usiku, leni moja iwe ya matatu na mabasi asubuhi. Feri ya English Point iweke ukurasa wa pili, kama akiba. Mishomoroni usiitaje mpaka mtu apime tope.

Baba_Swafiya:
Poa. Kikao ni Alhamisi. Mwenye picha za Buxton saa kumi na mbili jioni anitumie inbox, leni sita zionekane.