Nimempelekea BOLTI MOJA, kakata wayaringi yote ya Land Rover 109 ya marehemu baba. Eti "rangi ni urembo tu"!

Mwenye109

Wakuu, leo sisalimii mtu. Naandika nimesimama ubavuni mwa gari, mikono imejaa grisi, nikikaa chini nitalia.

Yule fundi umeme mnamjua. Simtaji. Yule ambaye hujazima hata injini ameshasema "hii ni alteneta". Gari likija na pancha, alteneta. Ukimpelekea baiskeli atafungua alteneta. Nusu ya mji huu ameshaila hela zake na nusu nyingine iko kwenye foleni.

Gari ni Land Rover Series III, 109, ya mwaka 1976. Tatizo lilikuwa dogo mpaka aibu: ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma upande huo nayo inapepesa. Ukikanyaga breki, indiketa inazimika. Yeyote aliyewahi kuishi na hizi gari anajua hapo ni athi, ile njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye chasisi, unapenya kupitia uzi wa balbu ya jirani, ndiyo maana taa isiyohusika inawaka kinyonge. Bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma, unyevu ukiingia katikati yanalana pale pale penye bolti.

Na sikubahatisha, nilipima. Mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kikombe cha taa ya nyuma, taa zikiwa zinawaka. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Yangu ilisoma volti 4! Nikavuta kipande cha waya kutoka kikombe cha taa hadi hasi ya betri, kila kitu kikatulia, indiketa ikapepesa peke yake kwa heshima zake. Kilichobaki: kufungua bolti ya athi, kupiga msasa mpaka chuma king'ae, kufunga. Bolti ikagoma, imeganda na kutu. Ndiyo nikampelekea. BOLTI. Nilimpelekea bolti, wakuu. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwonyesha na mita. Akaitazama, akasema "hizo mita za Mchina zinadanganya".

Nimeenda kunywa chai. Chai tu. Narudi namkuta yuko chini ya dashibodi, fungu zima la nyaya liko kwenye kiganja cha kushoto, koleo kwenye cha kulia. Na mbele ya macho yangu: KRAA.

Namuuliza unafanya nini, ananijibu bila hata kugeuka: "Hizi nyaya za rangi rangi zinachanganya, bosi. Nakuwekea nyekundu zote. Rangi ni urembo tu."

Rangi ni urembo tu!

Waya wa kahawia unatoka betri moja kwa moja, haujapita fyuzi yoyote, ukigusa bodi unaungua wenyewe na kila kilicho jirani yake. Mweupe ni umeme baada ya swichi ya funguo. Wa kijani ni ule ule ukishapita fyuzi. Wa zambarau una fyuzi lakini hauzimiki hata ukichomoa funguo. Wa bluu ni taa kubwa, mstari mweupe fulu, mstari mwekundu dimu. Mwekundu mtupu ni taa ndogo. Mweusi ni athi. Kijani na mstari mwekundu indiketa ya kushoto, kijani na mstari mweupe ya kulia, kijani na zambarau breki. Na si Land Rover peke yake, ni Morris, ni MG, ni Triumph, viwanda vingi vya Uingereza vilifuata utaratibu huo. Unalala chini ya gari usiku, tochi mdomoni, unaona waya wa kijani wenye mstari wa zambarau, unajua huu ni wa breki bila kumpigia mtu simu. Baba alinifundisha kwa waya hizo hizo.

Sasa hivi nina nyekundu, nyekundu na nyekundu. Waya wa kusukia nyumba! Nyuma ya dashibodi pamekaa kama utumbo wa mbuzi sikukuu ya Idi. Upi unatoka betri? Upi wa honi? Hajui. Nimemuuliza, hajui, na ni yeye aliyefunga.

Na indiketa? Bado inapepesa na taa ndogo. BOLTI HAJAIGUSA.

Kraa. Mbele ya macho yangu. Rangi ni urembo.

Kifaru_Mpole

Namjua! Mimi alinifungia honi kwenye waya wa breki. Wiki nzima nikikanyaga breki napiga honi. Trafiki wakawa wananipisha wakidhani nimebeba mgonjwa.

Dada_wa_Kisongo

Huyo huyo alimwambia mume wangu kwamba gari haliwaki kwa sababu limeegeshwa likitazama magharibi. Na alilipwa.

Mshale

Mkuu uza hilo likumbusho, nunua Toyota IST. Gari ya 1976 halafu unashangaa umeme? Mimi IST yangu sijui hata fyuzi zake zinakaa wapi.

Mwenye109

@Mshale hujui fyuzi zinakaa wapi na unajisifia? Siku ikizimika barabarani utalala humo humo ukiisubiri ikuonee huruma. Hili gari limeshavuka mito ambayo hiyo IST ikiiona kwenye picha inazima. Na usibadilishe mada. Tunaongelea mtu aliyeshika koleo. Angekata waya mmoja ningesema bahati mbaya. Kashika FUNGU, wakuu. Fungu!

Babu_Plagi

Tuwe wakweli, hizo ni Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya hizi gari. Wenye magari walikuwa wanamwita huyo Lucas Mfalme wa Giza. Taa zikiwaka zote kwa pamoja, mwenye gari anaita majirani waje washuhudie. Fundi kakosea, lakini kakuta msiba umeshaanza.

Mwenye109

Hapana, Babu, hapo sikubali, na nasema kwa heshima. Hilo la Mfalme wa Giza kila mtu analirudia na hakuna anayepima. Wayaringi ya 1976 imefanya kazi mpaka leo saa nne asubuhi. Kinachokufa kwenye hizi gari si waya, ni vile viungio vidogo vya kuchomeka vinavyoota ukijani ndani, pamoja na bolti za athi. Unachomoa, unasafisha, unapaka grisi, unachomeka, taa zinarudi. Anayezima taa ni kutu, halafu lawama anapewa kiwanda cha Birmingham. Na kutu haijawahi kushika koleo.

Mnairobi_Halisi

Pole sana boss. Huku kwetu makanika wa stima ni wale wale. Mimi niko na Morris Minor ya guka, yaani babu yangu. Hizo mpaka zinaacha kuundwa 1971 zilikuwa zinafungwa chanya kwa bodi, si hasi. Nikamwambia makanika mapema, "Hii gari imegeuzwa hivyo na wenyewe." Akasema ndiyo, ameelewa, ameziona nyingi. Akafunga redio ya kisasa ambayo kasha lake ni hasi, na bolti ya chuma kwa dashibodi ambayo ni chanya. Kabla nitafute stesheni, moshi! Akaniambia redio ilikuwa feki.

Kifaru_Mpole

😂😂 redio feki

Mnairobi_Halisi

Ngoja, haijaisha. Akasema sasa atarekebisha, akageuza nyaya za betri ili hasi iende kwa bodi. Dainamo, ile ya kuchaji betri, hakuishtua kwa umeme wa betri ili izoee upande mpya, akaiacha vile ilikuwa, na akawasha injini. Reguleta, ile ya kudhibiti umeme wa dainamo, ikaungua pale pale nikiangalia. Wewe umekatiwa waya, boss. Mimi nilichomewa.

Mwenye109

Pole ndugu yangu, lakini wewe umeungua vitu viwili unavyovijua. Mimi kila nikishika waya sijui nimeshika nini. Na wako hakukuambia rangi ni urembo.

Ughaibuni_UK

Mkuu nipo Birmingham. Wayaringi za Series III bado zinasukwa mpya huku, rangi zote kama za kiwandani. Usiagize kwa kukisia. Andika namba ya chasisi, sema kama ni ya petroli au dizeli maana hazifanani, na sema ina fyuzi ngapi. Ile ya zamani usiitupe, ukiilaza chini ndiyo itakuonyesha kila tawi linatokea wapi.

Mwenye109

Wakuu, taarifa mpya. Nimesoma ya @Ughaibuni_UK nikakimbia kuidai ile ya zamani. Kijana wake KAICHOMA. Nimekuta moto wa tairi nyuma ya kontena, plastiki yote imeyeyuka, shaba imeshapimwa kwa kilo na imeshauzwa. Nimemuuliza bosi wake, anasema "si nilikwambia ni urembo tu". KARUDIA! Kalisema tena, mbele yangu, kaning'ang'ania macho!

Dada_wa_Kisongo

Shaba yako na hela ya ufundi juu. Kakuuzia na kakununua.

Geji_Juu

Ninyi mnalilia umeme, mimi nalilia rejeta. Gari ileile, Series III. Ghafla geji ya joto na geji ya mafuta zote zikapanda. Tangi liko nusu, geji inasema limejaa. Injini ya baridi asubuhi, inasema inachemka. Zikipanda mbili kwa pamoja ni kile kidude cha nyuma ya geji kinachopunguza umeme mpaka kama volti 10 kabla haujafika kwenye geji zote mbili. Athi yake ikikatika, kinaachia volti 12 zote zipite. Fundi rejeta, mnamjua, yule wa karibu na mashine ya kusaga, kafungua rejeta, kaizibua, kaichomelea sehemu tatu zisizovuja, kang'oa na thamostati, ile ya kuzuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, kaondoka nayo. Geji iko vilevile. Rejeta sasa ndiyo inavuja.

Mti_Mkavu

@Geji_Juu usimsingizie, huyo ni shemeji yangu. Rejeta yako ilikuwa imeoza.

Geji_Juu

Imeozaje na ilikuwa haivuji? Mwambie shemeji yako arudishe thamostati.

Mti_Mkavu

Nchi ya joto hii thamostati ya nini?

Babu_Plagi

Mti_Mkavu, maneno hayo yameua injini nyingi kuliko uzee. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na silinda zinalika. Nyote wawili na shemeji mnahitaji kukaa kitako.

Mwenye109

Wakuu tusitoke kwenye mada. Koleo.

Mti_Mkavu

Babu, kwa heshima zote, shemeji yangu ana rejeta za malori ya Kongo pale. Wateja wanatoka Lubumbashi. Angekuwa mbovu wangekuja?

Geji_Juu

Wanakuja kwa sababu hawajui njia ya kwa mwingine.

Turubai_Jipya

Afadhali ninyi mna mafundi wa vyuma. Fundi turubai wangu kashona la nyuma ya pikapu, kaweka dirisha la plastiki upande wa dereva. Nikitazama kioo cha kati naona turubai. Nikigeuza kichwa naona dirisha linaloangalia kisogo changu. Nimelipa nusu, anataka iliyobaki.

Dada_wa_Kisongo

Usimpe hata senti!

Kifaru_Mpole

Mpe robo, kashona hata hivyo.

Mshale

Nimesema nunueni IST hamsikii.

Turubai_Jipya

@Mshale ya mwaka gani hiyo, na kwa hizi barabara zetu haigusi chini?